“Pampu Imekufa, Kaka”: Tunayodanganyana Kuhusu Gari Kuukuu Linalozima na Kuwaka Lenyewe

Toyota Corolla 110 yangu ilianza kunizimia Mlandizi, mkoani Pwani, saa saba mchana, bila kukohoa wala kutetemeka. Nikaisogeza pembeni, nikakaa kivulini kama dakika ishirini na tano, nikapiga stata, ikawaka kana kwamba haikuwa na lolote. Kesho yake fundi alifungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, akainamia upande wa tangi, akatega sikio. “Kimya. Pampu imekufa, kaka.” Tukanunua pampu. Wiki mbili baadaye nilikuwa pembeni ya barabara tena, safari hii Chalinze, na pampu mpya kabisa tangini.

Simlaumu sana. Tatizo linalokuja na kuondoka humfanya kila mtu aonekane fundi hodari. Ukibadilisha plagi, gari likawaka, utaapa kwamba plagi ndizo zilizokuwa mbovu. Kumbe muda uliotumia kuzifungua na kuzifunga ndio uliolipoza gari. Haya ndiyo maneno niliyoyasikia mara nyingi zaidi, na jinsi mambo yalivyo hasa.

“Ukifungua swichi pampu hailii, basi imekufa”

Hili ndilo lililonigharimu, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye distributa, yaani kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, pampu ya mafuta hailii kwa kufungua swichi tu. Inafanya kazi unapopiga stata, kisha inaendelea iwapo kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inapata taarifa kwamba injini inazunguka. Taarifa hiyo hutoka kwenye kikoili kidogo kilichomo ndani ya distributa, kinachosoma meno ya gurudumu la chuma linalopita mbele yake. Ikikatika, kontroboksi inaamini injini imesimama: inakata cheche, inafunga nozeli zinazonyunyiza petroli na kuzima pampu, vyote kwa pamoja. Ndivyo ilivyokusudiwa, ili gari likipata ajali injini ikasimama, pampu isiendelee kumwaga petroli.

Kwa hiyo pampu iliyonyamaza inaweza kuwa nzima kabisa, inasubiri amri tu. Kuipima ni rahisi. Kwenye kiboksi cha vipimo kilichomo ndani ya boneti kuna tundu lililoandikwa FP na jingine +B. Fungua swichi, yaunganishe kwa kipande cha waya, usikilize tangi. Pampu ikinguruma, achana nayo, rudi kwenye distributa. Ila soma maandishi ya kifuniko mara mbili kabla ya kuchomeka waya; ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu ghali kuliko pampu.

Kilichoharibika kwangu kilikuwa hicho kikoili. Waya wake, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umekatika ndani. Ukiwa baridi, ncha zake zinagusana. Injini ikipata joto, zinaachana. Mita ya umeme ilionyesha ni kizima asubuhi, na ingeendelea kusema hivyo kila asubuhi.

“Likizima kwa joto na kuwaka likipoa, ni mafuta machafu”

Mafuta machafu yapo, hasa ukijaza mafuta ya madumu. Lakini uchafu haujui saa ya kupoa. Kitu kinachokufa kwa joto na kufufuka kwa baridi, mara nyingi ni cha umeme: koili ya moto (inayozalisha umeme mkubwa wa cheche), kifaa cha elektroniki kinachoiwasha na kuizima, au sensa kama ile yangu.

Gari lenyewe hukuambia wakati linapozima, mradi usiwe unapiga kelele na abiria. Umeme ukikatika, injini inakufa ghafla kama mtu aliyezima swichi ya taa. Mafuta yakikatika, kwa kawaida linavuta kidogo, linajikwaa, linakosa nguvu, ndipo linazima. Si sheria isiyovunjika, ila inakupa pa kuanzia.

Kipimo kizuri zaidi kipo kwenye dashibodi. Kwenye magari mengi ya zamani, mshale wa mizunguko ya injini unapata habari zake kutoka kwenye mfumo wa cheche. Gari likizima ukiwa bado unateleza na gia imo, injini inazungushwa na magurudumu. Mshale ukianguka sifuri papo hapo, taarifa ya cheche imepotea. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, cheche zipo, tafuta mafuta.

Tatizo la joto hukamatwa wakati wa joto. Usingoje kivulini kama mimi. Fungua boneti dakika ileile, angalia kama cheche ipo, angalia kama mafuta yanafika, ndipo upumzike. Gereji unaweza kulichokoza kosa: puliza koili kwa kikaushia nywele hadi ichemke, kisha mimina maji kidogo ya baridi kwenye kitambaa na uiguse. Kama gari linakufa na kufufuka kwa kufuata mkono wako, umeshapata jibu.

“Cheche naiona, moto upo”

Umeona mara nyingi: plagi inafunguliwa, inalazwa juu ya injini, stata inapigwa, cheche inaruka, fundi anaridhika. Lakini pale nje cheche inaruka kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na kadiri inavyobanwa ndivyo umeme unavyohitaji nguvu kubwa zaidi kuvuka nafasi ileile. Koili iliyochoka inaweza kufaulu mtihani wa nje na kufeli ndani, hasa unapopanda mlima na kukanyaga mafuta.

Ndiyo maana mafundi makini wana kifaa cha kupimia chenye nafasi pana, milimita kadhaa badala ya ile moja hivi ya plagi. Cheche ikiruka pale kwa nguvu na mfululizo, hapo kweli moto upo.

Waya za plagi nazo zina ujanja wao. Usiku, mahali penye giza totoro, washa injini, fungua boneti, nyunyiza maji kidogo kama ukungu kuzunguka waya na kifuniko cha distributa. Umeme unaovuja utauona unacheza kama vimulimuli vya buluu. Kwetu pwani, ambako unyevu na chumvi havina likizo, nimeona gari likimisi, yaani cheche zikirukwa, kila alfajiri ya mvua na kupona saa nne asubuhi, na chanzo ni ufa kwenye kifuniko hicho usioonekana bila tochi. Angalia pia kijiti cha kaboni katikati ya kifuniko kwa ndani. Kikiisha, umeme unaruka kwenda kwenye rota, kipande kinachozunguka ndani ya distributa, kwa kubahatisha.

Mikono iwe mbali wakati wote huo. Na ile tabia ya kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwaka ili kujua silinda ipi haifanyi kazi, iachwe. Umeme usiopata njia ya kwenda kwenye plagi hutafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa wewe, au utando unaokinga nyaya ndani ya koili.

“Anza na plagi mpya, hazina hasara”

Zina hasara: unatupa ushahidi. Plagi ya zamani ni shahidi. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu. Yenye oili, kuna oili inayoingia silinda. Nyeupe kama chokaa, mafuta ni machache au joto limezidi. Moja ikitofautiana na nyingine tatu, shida ni ya silinda hiyo. Zitoe, zipange kwa mpangilio, zisome kwanza.

“Chomoa betri, kontroboksi ijisahihishe”

Kwenye gari la kizazi cha Corolla yangu, kuchomoa betri kunafuta kumbukumbu ya makosa, yaani kile hasa ulichokuwa unakitafuta. Kabla ya hapo, kwenye kilekile kiboksi cha vipimo, unganisha matundu ya TE1 na E1, fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu mimweko ya taa ya injini. Taa ikimweka mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Mmweko mmoja, kimya kifupi, kisha miwili, ni kumi na mbili: taarifa ya mzunguko imepotea. Kumi na nne: kontroboksi haipati jibu kutoka kwenye kile kifaa cha elektroniki kinachowasha na kuzima koili. Kipimo hicho ni cha bure, na hakihitaji kompyuta. Na taa kutowaka ukiwa unaendesha si cheti cha afya, kwa sababu waya wa plagi unaovuja hauna sensa ya kuuripoti.

Kuna ndugu yake mbaya zaidi: kuchomoa terminali ya betri injini ikiwaka ili kupima alteneta inayochaji betri. “Lisipozima, alteneta nzima.” Ilikuwa na nafuu enzi za magari yasiyo na kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu na kuua kontroboksi. Mita ya bei ndogo inatosha: injini ikiwaka, betri isome kama volti 13.8 hadi 14.5. Halafu weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini huku mtu anapiga stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa hasi unaoshika injini umeoza au umelegea. Waya huo peke yake unaweza kuleta vituko vinavyofanana na kila ugonjwa uliotajwa hapa.

“Linawaka ukishika ufunguo, linazima ukiuachia: betri hiyo”

Hapana. Hili ni la magari ya platini, yaani vidude vinavyofungua na kufunga umeme wa koili ndani ya distributa: Land Rover za zamani, Peugeot 404, Datsun. Baadhi yake yana kipingamizi kinachopunguza volti zinazokwenda kwenye koili, na wakati wa stata umeme hupita njia nyingine bila kukigusa. Likizima sekunde ile unapoachia ufunguo, kipingamizi hicho kimekatika au swichi ya ufunguo imelika. Fungu zito la funguo za nyumba, ofisi na kufuli la geti huimaliza swichi hiyo taratibu.

“Kitambaa kibichi juu ya pampu ni ushirikina”

Hapa nawatetea wazee. Kwenye gari la kabureta (kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, kabla ya nozeli) lenye pampu iliyofungwa kwenye injini, petroli huvutwa, na ikichemka njiani inageuka mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Kitambaa kibichi kinasaidia kweli. Kwenye gari la nozeli ni nadra, maana pampu imo tangini na mafuta yanasukumwa kwa mgandamizo. Ila angalia unakoweka kitambaa: kikigusa na koili iliyo jirani, utapona bila kujua kipi kilikuponya.

Na kuna jingine watu hulicheka. Gari linakwenda kilomita ishirini au thelathini vizuri, linaanza kukosa nguvu, linazima. Baada ya muda linawaka. Likizima, kabla ya kugusa chochote, nenda kafungue mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa inavutwa ndani kwa nguvu na gari likawaka hapohapo, tundu la kupumulia la tangi limeziba, na petroli ilikuwa haitoki kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Endesha umbali uleule ukiwa umeulegeza mfuniko kidogo, tangi lisiwe limejaa, uone kama litazima tena.