Tabaka amilifu kwenye jino la kupandikiza ni nini?

Jino la kupandikiza husimama juu ya skrubu ya titaniamu, aina ya metali, iliyozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Tabaka amilifu ni utando unaowekwa juu ya skrubu hiyo kiwandani ili seli za mfupa ziishike mapema na kwa nguvu zaidi.

Titaniamu yenyewe tayari hukubaliwa na mwili. Inapokutana na hewa hujifunika oksaidi, yaani utando wa titaniamu iliyoungana na oksijeni, wenye unene wa nanomita chache (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na oksaidi hiyo huizuia isipate kutu. Daktari Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa wa sungura ulikuwa umeshikamana na titaniamu kabisa, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza. Ila mshikamano huo huja polepole. Kwa utaratibu wa zamani mgonjwa alisubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kuwekewa jino.

Hatari kubwa iko katika wiki za mwanzo. Siku ya upasuaji skrubu hushikwa na mbano wa mfupa wa zamani tu. Kisha mwili huanza kuuondoa mfupa ulioumia wakati wa kutoboa, na mfupa mpya bado mchanga. Kati ya wiki ya 2 na ya 4 mshiko hupungua, hasa nyuma ya taya la juu ambako mfupa ni laini. Hapo ndipo tabaka amilifu huleta faida. Linalojulikana zaidi ni la haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfati yanayofanana sana na yale ya mfupa wenyewe. Huyeyuka kidogo na kuachia ioni zake, yaani chembe ndogo za kalsiamu na fosfati zenye chaji ya umeme, seli hujishikiza juu yake, na mfupa mpya huanza kujengwa juu ya skrubu badala ya kutokea kwenye kuta za tundu peke yake. Kuna pia kioo amilifu, yaani kioo kinachoshikamana na mfupa, kilichoanzishwa na mwanasayansi Larry Hench huko Florida, Marekani, mwaka 1969, na protini za kuamsha seli ambazo bado zinachunguzwa.

Kasoro yake isifichwe. Baadhi ya matabaka mazito ya miaka ya 1980 yalipasuka na kubanduka, kama lipu iliyopigwa juu ya ukuta usiokwaruzwa. Watengenezaji wengi wakaamua kuikwaruza titaniamu yenyewe kwa mchanga na asidi, bila kuipaka kitu, na kwa maoni yangu huo ndio uso wenye ushahidi mzito zaidi leo.

Kwa mtu anayetoka Arua au Kabale kuja kutibiwa Kampala, kila safari ni nauli na siku za kazi zilizopotea, kwa hiyo kupona mapema ni jambo kubwa. Kabla ya kulipa, muulize daktari wa meno uso wa skrubu umetengenezwaje na umefuatiliwa kwa wagonjwa kwa miaka mingapi. Mweleze pia kama una kisukari au unavuta sigara, maana vyote viwili huchelewesha mfupa kushika, hata skrubu iwe imepakwa nini. Na fizi ikirudi nyuma, uso uleule wenye mikwaruzo unaopendwa na mfupa huwa maficho ya bakteria, kwa hiyo shingo ya jino hilo inahitaji mswaki kila siku na uchunguzi wa daktari mara kwa mara.