Laclos, Freemason wa mizinga: yanayosemwa na yaliyokuwa

Kwenye nguzo za umeme mijini kwetu vibandiko vile havikosekani: jiunge na Freemason upate utajiri, na namba ya simu chini yake. Basi ukimtaja afisa wa jeshi aliyekuwa Freemason, msikilizaji anakuwa ameshaimaliza hadithi yeye mwenyewe: alikuwa na pesa, alitoa kafara, vyeo alipewa gizani. Mimi namleta mmoja ambaye habari zake zimehifadhiwa vizuri, Pierre Choderlos de Laclos, Mfaransa aliyezaliwa Amiens mwaka 1741 na kufia kazini huko Taranto, kusini mwa Italia, mwaka 1803.

"Freemason hupandishwa vyeo na hutajirika."

Laclos alisomea mizinga katika shule ya La Fère. Hakuchagua mizinga kwa bahati: familia yake ilikuwa ya mabwana wadogo wasio na jina kubwa, na kwenye mizinga hesabu zilimfikisha mtu mahali ambapo vikosi vingine vilidai ukoo. Vita vya Miaka Saba, vilivyogonganisha mataifa makubwa ya Ulaya, vikaisha mwaka 1763 kabla hajapigana. Kilichofuata ni kambi baada ya kambi: Toul, Strasbourg, Grenoble, Besançon. Umasoni wenyewe aliupata humo humo jeshini, katika loji, yaani tawi la Wamasoni, ya maafisa wa mizinga wa Toul. Loji za namna hiyo zilikuwa nyingi katika majeshi ya Ulaya wakati ule. Maafisa walikutana, wakala pamoja, wakasikiliza hotuba, wakachangiana.

Je, undugu huo ulimbeba? Alipata ukapteni mwaka 1771. Alipoliacha jeshi mwaka 1788 ili awe katibu wa Mtawala (duke) wa Orléans, binamu wa mfalme wa Ufaransa, bado alikuwa kapteni. Miaka kumi na saba kwenye cheo kimoja! Na Mtawala huyo alikuwa ndiye mkuu wa Wamasoni wa Ufaransa. Hata ukaribu huo haukumlinda: mwaka 1793 Laclos alitiwa gerezani na wanamapinduzi walioupindua ufalme wa Ufaransa, akatoka mwishoni mwa 1794, na wakati huo bwana wake alikuwa ameshakatwa kichwa.

"Alikuwa mwovu kama watu wa kitabu chake."

Dhana hii ina nguvu kuliko zote, na ndiyo inayoniuma. Mwaka 1782 Laclos alitoa *Les Liaisons dangereuses*, riwaya iliyoandikwa yote kwa barua, ambamo mabwana na mabibi wa tabaka la juu wanaharibiana maisha kwa makusudi. Nakala 2,000 za kwanza ziliisha upesi, na wakubwa wake wakamrudisha kikosini. Watu wakasema: aliyaandika hayo kwa sababu ndivyo alivyoishi.

Sasa tazama maisha yake. Huko La Rochelle alimpenda Marie-Soulange Duperré, binti aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Mtoto alizaliwa mwaka 1784 kabla ya ndoa, hilo halifichwi. Lakini hakumkimbia: alimwoa mwaka 1786, akamtambua mtoto, na tangu hapo hakukuwa na mwanamke mwingine anayejulikana. Barua alizomwandikia mkewe kutoka gerezani, na baadaye kutoka vitani, zipo mpaka leo. Ni barua za mume anayeuliza habari za watoto, anayehangaikia matumizi ya nyumbani na kumbembeleza mkewe asikate tamaa.

"Jeshi lilikuwa pambo tu, yeye alikuwa mtu wa kalamu."

Kinyume chake. Mwaka 1779 alipelekwa kisiwa cha Aix kusaidia ujenzi wa ngome. Mwaka 1786 akaandika barua ya wazi kuzikosoa ngome za Vauban, mjenzi wa ngome wa karne iliyotangulia, mtu ambaye majenerali wa Ufaransa walimheshimu karibu kama mtakatifu, na wakubwa wakakasirika sana. Mwaka uliofuata alipendekeza utaratibu wa kuzipa namba barabara za Paris, ili mgeni asipotee: akili ileile ya mtu wa mizinga, anayetaka kila kitu kiwe na vipimo. Baada ya Mapinduzi alifanya majaribio ya kombora lenye uwazi ndani, linalojazwa baruti ili lipasuke likifika, badala ya tufe la chuma linalotoboa tu.

Ajabu ni kwamba aliingia kwenye moto wa vita kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 58. Napoleon Bonaparte, aliyekuwa ameshika utawala wa Ufaransa, naye mtu wa mizinga, alimrudisha jeshini mwaka 1800 akiwa jenerali wa brigedi, na mwaka huo huo Laclos akapigana Ujerumani, kwenye Jeshi la Rhine la Ufaransa.

"Alikufa kwa risasi."

Alikufa kwa kuhara damu na malaria. Mwaka 1803 alitumwa kusini mwa Italia kuongoza mizinga ya akiba, akafika Taranto katikati ya joto kali, mwili ukiwa umeshachoka. Alifariki tarehe 5 Septemba. Kabla ya kukata roho aliagiza iandikwe barua kwa Bonaparte. Hakuomba sifa wala kaburi kubwa; aliomba mkewe na watoto wake watatu wasiachwe bila msaada, kwa sababu hakuwa na mali ya kuwaachia.

Askari wake walimzika kwenye kisiwa cha San Paolo, karibu na Taranto, ndani ya ngome waliyokuwa wakiijenga, ikaitwa kwa jina lake. Bonaparte alipoanguka mwaka 1815, kaburi lile likavunjwa. Leo hakuna mahali unapoweza kusimama ukasema mifupa yake iko hapa.