Uyoga na kansa: kula, lakini matibabu usiache

Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi, mvua zikishashika uyoga unaanza kutoka porini na kwenye vichuguu, na swali ni lile lile, eti ni kweli uyoga unatibu kansa? Tunaulizwa mpaka na wagonjwa walioshaanza matibabu, ndo maana tunaandika.

Swali lina msingi wake. Kwenye ukuta wa seli za uyoga kuna sukari ndefu zinaitwa beta-glukani, hizi mwili hauzimeng'enyi kama wanga wa muhogo, ila askari wa kinga wakikutana nazo wanaamka kama vile wameona adui. Kuna kingine kinaitwa egothioneini, antioksidanti (yaani kitu kinachosaidia seli zisiharibiwe) ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza kabisa, tunaipata kwenye chakula na uyoga ndo unaongoza, mamama (wale uyoga wa kulimwa, oyster) wakiwemo, na moto wa jikoni hauiharibu kirahisi.

Maabara tunakausha uyoga, tunasaga, tunachemsha kupata beta-glukani au tunaloweka kwenye spiriti kupata vitu vingine, halafu ule mchuzi tunaumimina kwenye kemikali ya zambarau inaitwa DPPH, rangi ikififia kuwa njano tunajua antioksidanti ipo. Inapendeza kweli kuangalia, lakini hapo ni kwenye kichupa tu, sio kwenye mwili wa mama mwenye uvimbe, na hapa ndo watu wengi wanapopotea.

Chukua mfano wa Japani. Mwaka 1985 waliidhinisha dawa inaitwa lentinani, imetoka kwenye uyoga wa shiitake, wakawa wanampa mgonjwa wa kansa ya tumbo. Ila ilikuwa imesafishwa, alichomwa kwenye mshipa sio kula na ugali, na alipewa PAMOJA na dawa za kansa, sio badala yake. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga wa uyoga pale stendi akakuambia acha kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, huyo anakupotezea muda na kansa haikusubiri. Kama unautumia mwambie daktari wako, usifiche, hatakugombeza.

Na tafadhali msiingie porini kuchuma uyoga msioujua kisa ni dawa. Kuna uyoga una sumu ya amatoksini, hata uchemshe kutwa haitoki, mtu anatapika na kuharisha baada ya saa 6 mpaka 24, kisha anapata nafuu, kumbe ini linaendelea kuharibika. Hata kama amepata nafuu mpelekeni hospitali na mabaki ya ule uyoga.

Mamama wa kulimwa ndo salama zaidi, wanaota hata kwenye mabua ya mpunga ndani ya kibanda chenye unyevu. Ukiwapika usichemshe ukamwaga maji, beta-glukani nyingine zinatoka na yale maji, we tia tui la nazi humo humo uivishe vizuri.