Oringi iliyovuja na daftari lisilosema kitu

Kazi yangu ni kutunza kompresa za gesi hapa Kampala, na siku hizi wenzangu huniuliza kama hidrojeni, ikitengenezwa kwa umeme wa Mto Nile, itaweza kujazwa kwenye magari kwa usalama. Jibu langu huanzia kwenye daftari la matengenezo.

Katika karakana moja niliyowahi kufanyia kazi, ukurasa mzima ulijaa maneno yaleyale: "Imevuja, imetengenezwa." Hakuna aliyeandika ni oringi (pete ya mpira inayozuia uvujaji) ya vali ipi, ilikuwa imetumika kwa muda wa saa ngapi, wala presha ilikuwa kiasi gani. Daftari la namna hiyo linathibitisha tu kwamba mafundi hawakukaa bure.

Hitilafu tatu za nozeli, yaani mdomo wa kujazia gesi kwenye gari, katika ujazaji 600 si sawa na tatu katika ujazaji 60,000. Bila idadi ya matumizi hakuna kiwango cha hitilafu, na bila kiwango hicho hatuwezi kutetea kwa hoja umbali kati ya matangi na barabara, wala muda wa kubadilisha oringi. Magari ya hidrojeni hujazwa kwa presha ya bar 350 au 700, na kwa ujazaji wa haraka wa bar 700 gesi hupozwa hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo mpira wa nozeli husinyaa na kutanuka kila gari linapokuja. Gesi hiyo huwaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, tena kwa cheche ndogo mno.

Kwa kuwa vituo vya kujazia hidrojeni ni vichache, wachambuzi wameazima takwimu za hitilafu za mafuta na gesi asilia, ingawa hidrojeni hupenya kwa urahisi zaidi na hudhoofisha baadhi ya vyuma hadi vikapasuka. Ndiyo maana hata uvujaji mdogo usiowaka unastahili kuandikwa.

Mwezi Juni 2019 kituo cha hidrojeni cha Sandvika, karibu na Oslo nchini Norway, kililipuka. Ilibainika kwamba bolti za kizibo cha tangi la presha ya juu hazikukazwa inavyotakiwa. Kwa hiyo fomu lazima iulize pia nani alikaza, kwa nguvu kiasi gani, na nani alihakiki, lakini fundi anayejua atakatwa mshahara hataijaza kwa ukweli.

Kwangu, kabla oringi haijatolewa, tunasoma idadi ya saa ambazo kompresa imefanya kazi na kuipiga oringi picha ikiwa mahali pake. Kisha inaingia kwenye mfuko wenye tarehe.