Sigara ya Baba Mizanini

Juzi wodini waliniita nimwone mtoto wa kilo 2.1. "Dokta, njiti mwingine huyu." Nilimgeuza nyayo. Mistari ilikuwa imejaa mpaka kisiginoni, wakati nyayo za njiti huwa laini. Huyu alikaa tumboni wiki zake zote, ila hakukua. Mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5 tunamhesabu kuwa na uzito pungufu, na wa namna hii hupoteza joto upesi, na sukari yake ya damu hushuka bila kupiga hodi.

Sababu ni nyingi: presha ya mama, malaria kwenye kondo la nyuma, lishe. Siwezi kumnyooshea kidole mhusika mmoja. Lakini baba aliponiinamia kuangalia mtoto, shati lake lilinukia sigara, nikamuuliza. "Mimi navutia nje, dokta." Nje yenyewe ni barazani, chini ya dirisha la chumba anacholala mkewe.

Kliniki tumezoea kumuuliza mama kama anavuta. Wengi hushangaa hata kuulizwa, maana wanawake wavutaji huku kwetu ni wachache. Swali linalofaa ni jingine: nani anavuta hapo nyumbani?

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, ila kwa mimba mimi huanza na mbili. Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa. Hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inamfikia mtoto ikiwa imebeba hewa pungufu. Ya pili ni nikotini, ambayo hubana mishipa, na ikivuka kondo humfikia mtoto mwenyewe. Kwa sababu hiyo ugoro nao si salama, ingawa hauna moshi.

Mama akivuta mwenyewe, mtoto hupungua wastani wa gramu 200 hivi, na hatari ya kuzaa kabla ya wakati, kondo kubanduka mapema au mtoto kufia tumboni huongezeka. Tangu 1957, mtafiti Winea Simpson wa California alionyesha kuwa wavutaji walizaa watoto wadogo karibu mara mbili ya wasiovuta. Moshi wa anayevuta karibu na mama hupunguza uzito kidogo kuliko huo, makumi machache ya gramu tu, na kwa mtoto mnene hata usingegundua. Kwa mtoto ambaye malaria imeshampunja, gramu hizo si chache.

Kinachonitia hofu zaidi huja baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kwetu mtoto hulala na wazazi, kitanda kimoja, chandarua kimoja. Mzazi mvutaji akilala na kichanga kitanda kimoja, hata kama sigara aliizimia nje, hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini hupanda sana, hasa kwa njiti na wenye uzito mdogo. Kwa hiyo baba huyu nilimwambia atafute godoro lake kwanza. Mama mvutaji simwambii aache kunyonyesha. Maziwa yake bado yanamfaa mtoto. Namwambia aache sigara, na siku ikimshinda, basi anyonyeshe kwanza, avute baadaye, mbali na mtoto.

Mama mvutaji akiacha mapema, kabla ya wiki ya 15 hivi, uzito wa mtoto wake hukaribia ule wa mtoto wa asiyevuta. Ndiyo maana siku hizi nawasihi wakunga wambane baba hudhurio la kwanza, anapokuja na mkewe kupima Virusi vya UKIMWI. Hiyo ndiyo siku tunayompata. Ya pili hatumwoni.

Nikimaliza kueleza, karibu kila mara kuna anayesubiri wenzake watoke, kisha ananong'ona: "Na bangi je, dokta?" Bangi nayo ina kaboni monoksaidi, kaka, na nayo imehusishwa na watoto wadogo.