Kwa nini Synaptic hugoma wakati terminali inasakinisha programu?

Umeandika sudo apt upgrade, amri ya kusasisha programu za Linux, kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), na vifurushi, yaani mafaili yanayobeba programu, vinashuka polepole. Wakati unasubiri, unafungua Synaptic, programu yenye madirisha na vitufe ya kusakinisha programu nyingine, utafute programu ya kuchorea. Inakuambia kuna programu nyingine inayoshughulikia vifurushi, uifunge kwanza. Kompyuta haijaharibika. Ni wawili wanaotaka kuandika kwenye daftari moja.

Synaptic, pamoja na vitufe vyake vyote, haisakinishi kitu kwa mkono wake. Kujua kifurushi kipi kinategemea kipi ni kazi ya maktaba (mkusanyo wa msimbo unaotumiwa na programu nyingi) iitwayo libapt-pkg, ileile inayotumiwa na amri ya apt. Kuvifungua vifurushi na kupanga mafaili mahali pake ni kazi ya programu iitwayo dpkg, ambayo huandika kila kilichosakinishwa kwenye folda ya /var/lib/dpkg. Wawili wakiandika humo kwa pamoja, kumbukumbu zitavurugika. Ndiyo maana pana kufuli: aliyewahi ndiye anayelishika.

Kinachonichekesha ni jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1997 watu wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, walianza mradi wa Deity, ambao baadaye uliitwa APT, wakitafuta kiolesura kipya cha kuchukua nafasi ya dselect, programu yao ya zamani ya kuchagulia vifurushi. Maktaba ikatangulia, na ili kuijaribu wakaandika kiprogramu cha amri. Kile cha majaribio ndicho kilichokuja kuwa apt-get, kikatoka na Debian 2.1 mwaka 1999. Synaptic ilizaliwa baadaye, tena si Debian: iliandikwa na Alfredo Kojima katika kampuni ya Conectiva ya Brazili, iliyokuwa imeihamishia APT kwenye vifurushi vya RPM, aina ya vifurushi tofauti na vya Debian.

Mimi Synaptic naipendea kitu kimoja. Ukiweka alama kwenye kifurushi, hakuna kinachotokea bado. Unaweza kuweka alama kwenye kumi, ukabadili mawazo, ukaondoa mbili. Ukishabonyeza kitufe cha kutekeleza, inakuonyesha kwanza vitakavyoongezwa na vitakavyoondolewa. Apt nayo huuliza, ila ni rahisi kugonga Y bila kusoma.

Na ule ushauri unaoweza kuupata, wa kufuta faili la kufuli kwenye /var/lib/dpkg ili Synaptic ifunguke? Achana nao. Kufuli lenyewe hushikwa na programu inayoendelea kufanya kazi, na programu hiyo ikifa, mfumo huliachia. Faili hubaki palepale hata kama hakuna anayelishika, kwa hiyo kuliona kwenye folda si dalili ya tatizo. Subiri terminali imalize, kisha ifungue Synaptic upya.