Je, wajua kwa nini chokaa hutokota ikitiwa maji baridi?

Bonge la chokaa lililotoka tanuuni juzi ni baridi kama jiwe lolote. Litie majini, na punde maji yanatokota na mvuke unafuka. Jibu linalotujia haraka ni kwamba moto wa tanuu ulijificha ndani ya jiwe, na maji yameufukuza.

Si jibu la kijinga. Hadi katikati ya karne ya 18 wapo wataalamu wa Ulaya walioshikilia kwamba chokaa imenyonya moto, na ndio unaochoma ulimi (mla tambuu aliyezidisha chokaa angewakubalia). Mkemia Joseph Black wa Scotland, katika maandishi yake ya 1756, aliamua kupima. Jiwe linalochomwa kuwa chokaa halikuongezewa kitu. Lilipungua, kwa kuwa hewa fulani ilitoka. Alipoirudishia chokaa hewa hiyo, ikaacha kuchoma, na uzito ukarudi karibu ule ule.

Hewa hiyo ni kaboni dayoksaidi. Gramu 100 za jiwe safi zikiiva kwenye nyuzi 900 hivi hubaki gramu 56 za chokaa, na kazi ya kuing'oa hewa hula kilojuli 178 (kilojuli ni kipimo cha joto). Matumbawe tunayochoma kwetu yana mchanga na chumvi kidogo, kwa hiyo hesabu ya tanuu halisi haitoki sawasawa. Kuni nazo huliwa nyingi zaidi, maana joto jingi huchukuliwa na upepo.

Sasa fikiria ndoo uliyoivuta kutoka kisimani hadi juu ya dari. Jasho lako halimo ndani ya maji, ila maji yako juu, na yakishuka yanaweza kufanya kazi. Chokaa iko juu ya dari. Ikinywa gramu 18 za maji inashuka ngazi ya kwanza na kutoa kilojuli 65. Ikishakuwa lipu ukutani, inavuta tena ile hewa ya Black na kutoa 113. Jumlisha: 178. Ushuke kwa ngazi moja au kumi, jumla haibadiliki. Kanuni hii mkemia Germain Hess aliitangaza mwaka 1840, kabla elimu ya joto haijapata sura tunayoijua.

Kilojuli 65 si mchezo. Kilo moja ya chokaa inaweza kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji. Kwa hiyo tia maji mengi kwanza, kisha chokaa kidogo kidogo. Maji yakiwa machache, mabonge hulipuka na kurukia macho. Usitumie sufuria ya alumini, chokaa huila na kutoa gesi inayowaka. Bonge lisilopata joto, ama kiini chake hakikuiva, ama limekaa wazi likanywa unyevu wa hewani. Lililoiva kupita kiasi ndilo baya khasa: huchelewa, likavimba baadaye ndani ya lipu na kuibandua.

Zile 113 hazihisiwi na mtu, kwani hutoka kwa miezi, hata miaka. Ukiupaka ukuta rangi ya mafuta mapema, hewa haipiti, na chokaa ya ndani hubaki laini.